Nyuzi Sita za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe amenunua gitaa la besi. La nyuzi sita! Mimi napiga la nyuzi nne mwaka wa kumi na moja huu, na kuna siku naona hata mbili zingetosha.

Limefika asubuhi ndani ya boksi refu kama jeneza la nyoka. Nilikuwa kazini, Mama mkwe ndiye aliyenisimulia: mzee alilifungua kwa kisu cha mkate, akalipangusa, akaanza hapo hapo, chai ikapoa. Niliporudi jioni alikuwa bado anapiga. Unamsikia toka getini—tiririri, kama maharage yanamwagika kwenye sinia.

Wa kulaumiwa ni mimi. Miaka miwili iliyopita, alipostaafu kazi ya kupima ardhi, alizunguka nyumba nzima na futi mkononi. Urefu wa meza. Upana wa mlango. Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua ngapi. Mume wangu akanisihi nimtafutie babake la kufanya. Nikamfundisha besi. Mwanafunzi akamzidi mwalimu kwa bidii, na sasa anafundishwa na simu. Simu haichoki, wala haimwonei haya baba mkwe.

Mume wangu anasema heri kelele kuliko futi. Rahisi kwake—kutwa yuko duka la dawa. Anayesikia ni mamake.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi ya bendi, kwenye karakana ya Seremala, ambaye ndiye mpiga ngoma wetu. Vumbi la mbao mpaka puani. Baba mkwe aliomba kuja kusikiliza tu. Akaja na gitaa. Mtu anayekwenda kusikiliza hubeba masikio.

Kinyozi ndiye mwimbaji wetu na kiongozi, na mdomo wake ni wa kinyozi kweli. Akamwambia mzee atuonjeshe kidogo. Kidogo gani! Vidole vilipanda na kushuka kama mchwa walioona moto. Mara kidole gumba kinachapa, mara uzi unavutwa unaachiwa, mara yuko juu kabisa, pembe ya gitaa ambayo mimi sijawahi kukanyaga. Mpiga kinanda akapiga mluzi. Kinyozi akatangaza kwamba Jumamosi, solo ya wimbo wa mwisho apewe Mzee.

Solo ile ni yangu. Mistari minane, miaka minne. Wote wakanigeukia.

Nikasema hakuna neno, Baba, karibu.

Neno lipo. Tena refu. Lakini mkwe ni mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Bustani ya nyumba ya wageni, saa tisa hadi kumi na mbili, kama Jumamosi zote. Baba mkwe alivaa suti aliyoagwa nayo kazini. Kwenye solo akafumba macho, vidole vikaondoka. Watu wakatoa simu. Wakapiga meza. Mwenye nyumba ya wageni alitoka jikoni na taulo begani kuja kuona kuna nini. Mistari minane ikawa ishirini na nne, na Seremala ananikazia macho mimi, kana kwamba breki ninayo mimi!

Nikapiga makofi. Nikambebea spika mpaka garini. Njiani aliniuliza mara tatu nimeionaje. Nikamjibu mara tatu kwamba ana vidole vyepesi. Sikudanganya.

Nina wivu. Nimeshaandika. Basi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza mazoezi ya mbio. Kwa siri. Kazini, chumba cha nyuma cha duka la miwani ninapokatia lenzi, mkono wa kulia unafanya kazi na wa kushoto unakimbia juu ya rula. Matokeo: lenzi ya jicho la kushoto la mwalimu mmoja nimeikata kwa vipimo vya kulia. Meneja akauliza kwa upole kama na mimi nilishapimwa macho. Nimeikata upya wakati wenzangu wanakula.

Lengelenge kwenye kidole cha shahada. Dogo, lakini ni la heshima.

Alhamisi, 13 Machi

Naweza! Bado najikwaa pale katikati, lakini naweza.

Kinyozi kapata wazo jipya. Jumamosi solo mbili, mmoja baada ya mwingine. Hakuniuliza—kashaandika kwa chaki kwenye ubao wa saluni yake: BABA MKWE NA MKAZA MWANA, NANI ZAIDI? Mtaa mzima umesoma. Wateja wa miwani wameniuliza. Nilikasirika dakika mbili hivi, kisha nikaenda kununua nyuzi mpya.

Jumapili, 16 Machi

Jana sikuandika. Aibu ilikuwa bado ya moto.

Nijieleze mwenyewe kwa utaratibu. Bustani ilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Baba mkwe alitangulia: mbio zile zile, na mpya alizoongeza wiki hii. Vigelegele. Zamu yangu. Nilikuwa nimejiambia nitaanza taratibu, lakini nilipoona simu zimeinuliwa, akili ikaaga. Nikapiga kila kitu ninachojua. Halafu nikapiga nisivyovijua. Pale katikati nikajikwaa kama kawaida, nikakimbia zaidi ili nisionekane nimejikwaa, nikafika mwisho wa solo pigo zima kabla ya Seremala. Alinitazama kama anavyotazama msumari uliopinda.

Lakini makofi! Sawa na ya Baba mkwe, pengine kumzidi. Kinyozi akainua mikono yetu yote miwili. Sare. Nilishuka jukwaani nimevimba kama andazi.

Ndipo nikamwona Mama mkwe. Amekaa.

Mama ana goti bovu. Mchana kutwa hukaa na kibeti chake mapajani, hachezi wimbo wowote isipokuwa ule wa mwisho. Besi ikibaki peke yake ndipo anapoinuka, kibeti anakiacha kitini, anacheza hatua mbili kushoto, mbili kulia, uso umetulia, mpaka wimbo unakwisha. Miaka minne sijaona Jumamosi aliyokosa. Jana alikaa. Na nikikumbuka vizuri, Jumamosi ya kabla yake pia alikaa. Nilikuwa na shughuli ya wivu, sikuona.

Tuliporudi nikamfuata jikoni. Yeye anaosha vyombo, mimi nasuuza. Nikamuuliza kama goti limezidi. Akasema goti halijambo. Nikamuuliza mbona basi hakucheza.

"Nilikuwa nawangoja mmalize," akasema.

Bila ubaya wowote. Kama mtu anayeeleza kwa nini alisimama kituoni. Akanipa sahani nyingine.

Nikageuka. Baba mkwe yuko mlangoni na trei ya vikombe. Sijui alisimama tangu lini. Aliweka trei mezani polepole, akatoka.

Leo hajagusa gitaa.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya tatu. Nyumba iko kimya mpaka tunasikia friji. Mume wangu amempima babake presha mara mbili, amekuta yuko salama. Gitaa limerudi kwenye boksi lake, boksi liko chini ya kitanda. Futi imeonekana tena—asubuhi alikuwa anapima dirisha.

Wiki mbili nilimwomba Mungu atunyamazishie tiririri ile. Sasa imenyamaza na sina raha.

Mama mkwe anapika na kuimba chinichini. Nadhani hajui alichokifanya. Au anajua sana.

Jumatano, 19 Machi

Kinyozi kaja dukani na video. Imetazamwa na watu wengi, anasema, hata wasiotujua. Mwenye nyumba ya wageni anataka mpambano mwingine Jumamosi hii, na meza zaidi zitawekwa. Nikamwonyesha kwenye video pale nilipompotezea Seremala pigo. Akasema hapo hakuna aliyesikia. Nikasema Seremala alisikia, na mimi nilisikia. Akacheka, akasema watu wanakuja kutazama.

Anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo saa nane, nainua kichwa kutoka kwenye mashine, namwona Baba mkwe kwenye benchi la wateja. Foleni ya watu watano na yeye katikati, kofia mapajani. Alisema amekuja kupimwa macho. Akasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa, akataka kusoma na jina la kiwanda lililochapwa pembeni. Macho mazima kama ya mwewe. Mpimaji akamwambia aende nyumbani. Akaja chumba changu cha nyuma.

Nilikuwa na hotuba. Nimeitunga tangu Jumapili, yenye adabu zote: Baba, una kipaji, ila punguza. Nikampa stuli. Akakaa akitazama vile vipande vya lenzi kwenye trei.

"Mama yako hakucheza," akasema.

Nikamwambia hata kwangu hakucheza, Baba.

"Kwako alikuwa akicheza. Zamani. Nilikuwa namwona."

Nikawasha mashine, nikaizima. Ndipo akaanza kunisimulia mambo ya kazini kwake, ambayo miaka yote niliyoolewa humu sijawahi kuyasikia. Alipima mashamba kwa mnyororo na vigingi miaka thelathini na mmoja, na hakuna mpaka aliouweka uliowahi kurudiwa. Miaka ya mwisho ikaletwa mashine inayopima shamba zima kabla yeye hajasimamisha miguu mitatu ya chombo chake. Wenzake wadogo wakambandika jina Kobe. Si kwa kumsengenya, alisema, walimwita hivyo mbele yake wakati wa chai. Na yeye alicheka nao. Kwenye sherehe ya kumuaga, mkuu wake alisema tunamuaga Kobe wetu, watu wakapiga makofi.

Akainua lenzi moja, akaichungulia.

"Siku niliyoanza kukimbia kwenye zile nyuzi, mwanangu, hakuna aliyekumbuka Kobe."

Hotuba yangu ikayeyuka. Nani ana roho ya kumwambia mtu huyo apunguze mwendo?

Badala yake nikajikuta naungama. Kwamba na mimi nilikuwa nakimbia kwa sababu yeye alikimbia. Rula, lenzi ya yule mwalimu, lengelenge, yote. Nikamwonyesha kidole. Alianza kucheka taratibu, akamaliza kwa kujifuta machozi na kofia. Meneja alichungulia, akafunga mlango.

Kisha akauliza kama mpima ardhi: katika ile mistari yangu minane ya zamani, nilikuwa napiga sauti ngapi? Sijawahi kuhesabu. Nikahesabu kwa vidole, nikaimba kwa pua. Tisa.

"Tisa?" Akarudia kama mtu aliyetajiwa ukubwa wa shamba asiouamini. "Na katikati pana nini?"

"Hapana kitu, Baba. Unangoja."

"Nangoja nini?"

Miaka kumi na moja napiga, sijawahi kujiuliza. Nikamwambia akamuulize Mama.

Ijumaa, 21 Machi

Kinyozi kapiga simu mara mbili. Sijapokea.

Nimerudi saa kumi na moja, nimemkuta mume wangu, leo katoka dukani mapema, kwenye ngazi za nje, viatu mkononi, ananiwekea kidole mdomoni. Mlango wa sebule umefungwa. Anasema babake alikwenda jikoni mchana, akamwomba Mama aje akae, amwonyeshe anapoinukia. Mama akasema ana sufuria jikoni. Baba akasema atangoja. Akangoja kweli, saa nzima, na gitaa mapajani, bila kupiga hata uzi mmoja. Mume wangu ananihadithia huku ametoa macho. Hajawahi kumwona babake akingoja kitu.

Sasa niko chumbani, naandikia magotini. Ukuta wetu na sebule ni mmoja.

Amepiga sauti moja. Nzito, chini kabisa, ile ya uzi mnene. Ameiacha iende.

Ya pili. Halafu—tiririri! Vidole vimemtoroka. Mama amesema neno, sikulikamata. Kimya. Ameanza upya.

Ya kwanza. Ya pili. Nahesabu naye: moja, mbili, tatu... nimemaliza kuhesabu, na yeye bado. Mume wangu kaja kusimama kizingitini. Bado. Ningekuwa mimi ningeshaipiga.

Ya tatu imeingia. Imechelewa. Imechelewa vizuri, hata nywele zimenisimama mikononi.

Simu inawaka. Kinyozi tena. Nimeilaza kifudifudi kitandani. Nitamwambia nini? Kwamba kesho kuna sauti tisa tu, na huenda zikawa sita? Watu wameshawekewa meza za ziada.

Ya nne.

Kiti kimelia. Sauti ya gitaa haijakatika, kwa hiyo si yeye aliyeinuka. Ni Mama. Mume wangu ananong'ona kwamba labda amekwenda kutazama sufuria. Labda. Ya tano. Mlango wa jikoni ukifunguliwa huwa unalia kama paka, nyumba nzima tunaujua. Tuko hapa wawili, tumebana pumzi, tunausikiliza.

Haujalia.

Ya sita—