Hatua Thelathini Nyuma ya Jiko la Mama Mukwe

Karuba, Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, 1954.

Mvua imenyamaza tangu saa sita. Ukungu ungali umelala ku milima ya upande wa Mushaki, na baridi inaingia mpaka mu vidole. Sasa ni saa tisa ya muchana. Nimerudi nyumbani mapema, nimemuambia kapita, musimamizi wetu wa kazi, kama kichwa inaniuma. Uongo mutupu. Kichwa yangu iko sawa, mimi mwenyewe njo siko sawa.

Daftari hili nilipewa ku masomo ya kilimo ili niandike mvua na mavuno. Kurasa nyingi ni mvua tu. Leo sitaandika mvua.

Nina aibu.

Nianze na kazi yangu, maana aibu imetoka pale. Mimi ni moniteri wa kilimo hapa Karuba. Serikali imeamuru kila nyumba ichimbe mitaro ya kukata kilima kwa upana, ili maji ya mvua yasimame pale, yanywewe na udongo pole pole, yasikimbie na shamba la mutu mpaka ku muto. Asiyechimba anafungwa buloko. Kazi yangu ni kupima mahali mutaro utapita, kupanda vijiti, na kuandika nani amechimba na nani amekataa.

Watu hawaipendi hii kazi, na mimi pia hawanipendi sana. Wananiita "Bwana Mitaro," wanacheka nikishapita kona. Sawa. Niliamini mitaro, na nusu ya moyo wangu ingali inaamini. Nilipokuwa mutoto, maji ya kijito chetu yalikuwa meupe, unahesabu mawe chini. Leo mvua ikinyesha kidogo tu, yanakuwa kama uji wa mutama. Ule ni udongo wetu unaenda, na ukienda haurudi. Ile haiko uongo wa wazungu.

Lakini pori la juu lilikatwa na nani? Kule baba yangu alikokuwa anakata mianzi, leo ni pareto ya wazungu, mistari kwa mistari, na ng'ombe wao pembeni. Sijaona hata siku moja muzungu mwenye shamba anapelekwa buloko kwa sababu ya mutaro. Sisi tuliosukumwa ku miteremko mikali, ambako hata mbuzi anatafuta pa kukanyaga, njo tunaambiwa tunaharibu udongo kwa ujinga. Rafiki yangu Dominiko, moniteri mwenzangu kule Walikale, ananiandikia mambo ya kufanana: watu wametolewa mu pori, wakapangwa kando ya barabara, wakaambiwa walime mupunga pale, halafu wanaulizwa kwa nini wamekonda. Anaandika na kunicheka, eti sisi wa Masisi tunachimba, wao wanahamishwa, tuone nani atachoka mbele.

Haya yote nayasema ku daftari. Mbele ya muzungu wa kilimo, yule watu wanamuita Bwana Kilimo, ninasema "Ndiyo, Bwana," na ninavua kofia.

Bon. Sasa niseme yenyewe.

Mwezi wa nane, mu kiangazi, nilipima shamba la mama mukwe wangu, mama ya bibi yangu Veronika. Ni mujane, anakaa peke yake katikati ya kilima, na chini ya shamba lake kulikuwa chemchemi ambapo kilima kizima kilikuwa kinachota maji. Tunapima kwa pembe tatu: miti miwili imefungwa kama miguu ya mutu aliyesimama amepanua, muti wa tatu katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia toka juu. Kamba ikisimama ku alama ya ule muti wa katikati, miguu yote iko usawa mumoja. Unapanda kijiti, unageuza pembe tatu, unapiga hatua, unapanda kingine. Ni kazi ya pole pole, na hauruki mahali. Ukiruka, mutaro unainama, na mutaro ukiinama maji hayasimami tena, yanakimbia yote upande mumoja.

Nilipima vizuri mpaka nikafika ku migomba yake. Pale mustari ulikuwa unapita nyuma ya nyumba, mbele ya mulango wa jiko lake kabisa, na yeye alikuwa amekaa pale anachambua maharagi.

Mutu wa kwetu amekwisha kuelewa. Kwa asiye wa kwetu: mukwe mwanaume haingii mu lupango, kiwanja cha nyumba, ya mama mukwe akiwa pale. Hamutazami usoni, hataji jina lake, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mumoja anatoka mu njia, anaingia mu majani, anageuka mpaka mwingine apite. Ni heshima, na mimi sijawahi kuivunja. Miaka tisa nimeoa binti yake, sijui sura yake. Ninamujua kwa mugongo, kwa kukohoa kwake, na kwa kitunga cha maharagi mapya anachotutumia kila mavuno, kimefunikwa na jani la mugomba. Hajasahau hata mwaka mumoja.

Ningefanya nini? Kutuma mutu amuambie aondoke ku jiko lake mwenyewe? Ile ni kumufukuza. Kumupa mutu mwingine pembe tatu apime kile kipande? Hapa njo kosa langu liko, siwezi kulikwepa. Majirani waliokuwa wananibebea vijiti wangeweza, ni kazi ya macho na uvumilivu tu. Lakini mimi, kiburi. Pembe tatu ni yangu, mimi njo nilisoma, mutu mwingine asiiguse. Nikazunguka migomba kwa mbali, nikasimama upande wa pili, nikafunga jicho moja, nikaonyesha kwa mukono: hapa, na hapa, na hapa. Wakapanda vijiti hatua thelathini kwa jicho langu. Kisha wakachimba.

Bwana Kilimo alikuja kukagua. Hakupanda kilima, maana viatu vyake vilikuwa vipya. Alisimama barabarani karibu na gari, akaangalia, akasema ni kazi safi. Kwa hiyo tulikuwa wawili kuangalia ule mutaro toka mbali, yeye kwa viatu, mimi kwa heshima. Maji hayakujali tofauti.

Mvua ilipoanza, mama mukwe aliona. Analima kile kilima tangu alipoolewa, anajua maji yanapenda kupita wapi. Alinitumia neno kupitia Veronika mara mbili, kama mutaro unapeleka maji yote upande wa chemchemi. Mara ya kwanza nilisema wazee hawapendi vitu vipya. Mara ya pili sikujibu, nilikuwa ninakula.

Jumapili, kisha misa, alikata migomba miwili, akaweka vigogo ku mwisho wa mutaro, akajaza udongo, ili maji yasiangukie chemchemi. Peke yake, mwanamuke wa umri ule, na kifua chake kile. Jumatatu mvua ilinyesha toka asubuhi bila kupumua. Saa nane kilima kikashuka. Nilisikia mulio kama wa lori inayomwaga mawe, nikakimbia. Maharagi yote yamekwenda, migomba imelala, na chemchemi iko chini ya matope kupita kimo cha mutu. Hakuna aliyekufa, tumushukuru Mungu. Lakini tangu siku ile wanawake wote wa kilima wanashuka mpaka ku muto kuchota, na wanachobeba ku kichwa ni nusu maji, nusu udongo.

Jioni ile mama mukwe alikuwa ameenda kwa majirani, lupango ilikuwa tupu. Nikaingia. Nikaweka pembe tatu mbele ya jiko lake, ku kipande cha mutaro kilichobaki, mahali nilipokataa kukanyaga mwezi wa nane. Kamba ikaenda mbali na alama, karibu upana wa mukono. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu. Kamba haina woga wa mutu.

Jumanne Bwana Kilimo alikuja, na mara hii alipanda. Aliona vigogo vya migomba ndani ya matope, akauliza nani aliviweka. Nikatafsiri. Kila mutu akaangalia vidole vya miguu yake. Kisha, nyuma ya ukuta wa matete, sauti ya mama mukwe ikasema ni yeye. Nikatafsiri na ile. Bwana Kilimo akasema basi, huyu mwanamuke ameziba mutaro wa serikali, maji yamejaa, kilima kimevunjika, atafungwa. Akanipiga bega, akanipa pole kwa kazi yangu nzuri iliyoharibiwa.

Na mimi nikasema asante.

Ninaandika tena lile neno ili lisinikimbie: nikasema asante.

Kesho Ijumaa anahukumiwa ku tribinali ya shefferi, baraza la chifu. Wanasema atapata siku kumi na tano. Buloko yetu ni ya mawe, chini ni udongo mubichi, na mu mwezi huu hata wenye afya wanatoka pale wanakohoa. Yeye anaingia tayari anakohoa. Mimi nimeitwa shahidi, niseme kama mutaro ulipimwa vizuri.

Veronika hajakaa kula na mimi tangu Jumanne. Anaweka bugali, anaweka sombe, anatoka. Jana aliniuliza kitu kimoja tu, amesimama ku mulango: "Papa Yozefu, mama iko na kosa?" Nikamujibu kama tutaona. Tutaona nini? Mimi niliona Jumatatu, mara tatu, kwa kamba na jiwe.

Woga, njo jina lake. Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi. Nitarudisha kofia, nitarudisha baiskeli, na watu niliowaandika mu kitabu cha waliokataa kuchimba watakuwa na siku nzuri kabisa ya kucheka. Ningecheka mimi pia, kama ningekuwa wao. Siku mbili nimejiambia kama siku kumi na tano si nyingi, atatoka, tutamupelekea chakula cha moto. Eti chakula cha moto!

Halafu leo asubuhi.

Nilikuwa ninapanda njia ya ku kilima. Ku kona nikaona polisi wawili wa shefferi wanashuka, na katikati yao mama mukwe. Nilikuwa sijaamua nitoke mu njia ao nipige magoti, lakini yeye akawahi. Akatoka mu njia. Akaingia mu majani yenye maji, akajifunika uso kwa kitambaa chake, akanigeuzia mugongo ili mimi nipite. Polisi mumoja akamuvuta mukono, akauliza anakimbia wapi. Akajibu kama hakimbii, mukwe wake anapita. Wale polisi ni watu wa kwetu. Wakamuachilia, wakangojea, na mumoja akaangalia chini.

Anapelekwa buloko kwa kosa langu, na ananipisha njia.

Nilipita. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilipokuwa karibu akasema, si kwangu, kwa polisi, kama wanavyofanya watu wenye adabu wakitaka neno lifike kwa mukwe:

"Muambie mukwe wangu, siku ingine akipima, apite tu mu lupango. Mi nitageuka. Kilima hakina mukwe."

Alisema vile bila hasira, sauti ya kumukumbusha mutu asisahau jembe lake. Kisha akakohoa, wakaendelea kushuka.

Kumbe alijua! Tangu mwezi wa nane aliniona ninazunguka migomba yake kwa mbali, amekaa na maharagi yake, na alielewa kwa nini. Jumanne, nyuma ya matete, angeweza kusema mbele ya Bwana Kilimo na kilima kizima kama ni mukwe wake aliyepima kwa jicho. Alisema tu ni yeye aliyeweka vigogo. Heshima ileile niliyoharibia shamba lake, yeye aliitumia kunifunika.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa ninaendelea. Nilimuita Veronika nikamuambia yote: migomba, jicho moja, kamba, na neno la mama yake njiani. Nilifikiri atalia ao atanitukana, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Akauliza tu kama shati langu la kesho liko safi. Sasa analifua hapo inje, ninamusikia, na analifua kwa nguvu kuliko shati linavyostahili.

Nimetoa pembe tatu ku ukuta, nimeiegemeza ku mulango. Kesho itaenda na mimi ku tribinali, maana wakikataa neno langu, kamba iko pale. Najua Bwana Kilimo atacheka: mutaro wa serikali umepinda kwa sababu mwanaume mukubwa anaogopa mama ya bibi yake! Atawahadithia wenzake ku meza miaka na miaka. Acheke. Vile viatu vyake vipya, sijui kama nitathubutu kuvitaja. Nitajaribu.

Kitu kimoja njo kinanisumbua zaidi ya kazi na baiskeli. Ile nyumba ya tribinali ni ndogo. Wanamusimamisha mushitakiwa upande mumoja, shahidi mbele yake, uso kwa uso, hatua tatu. Hakuna majani ya kuingia, na anayegeuka anaambiwa anadanganya. Nitasema yote mbele yake, mimi ambaye miaka tisa sijawahi kuona macho yake.

Mungu wangu, nitaangalia wapi?