Blogu Imezimika, na Kibanja cha Kokushubira

Jumanne, Bugene. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Blogu hii haifunguki, leo siku ya tatu, kwa hiyo naandika kwa kalamu. Ikirudi nitayabandika haya kama yalivyo.

Kampuni inayoihifadhi imeniandikia kwamba hitilafu ya umeme imeharibu mitambo yao, na nakala za akiba zilikuwa katika jengo hilohilo. Hawajui kama kuna kitakachopatikana. Nimeisoma barua mara mbili, nikanywa chai.

Kwangu kilichopotea ni miaka ya kuchapa. Kwa Kokushubira wa Mabira ni kibanja cha migomba.

Amefika asubuhi kwa bodaboda, khanga imelowa. Keshokutwa yeye na kaka yake, Byaruhanga, wanaitwa kwenye baraza la kata. Kaka anadai baba yao hakumpa binti kitu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa ripota, nilimhoji mzee huyo kuhusu kahawa. Katikati ya mazungumzo akasema kipande cha bondeni amempa binti yake, na amepanda miti ya omulamula kuonyesha mpaka. Maneno hayo niliyachapa baadaye kwenye blogu.

"Shikamoo, baba. Nimefuata maneno ya mzee."

Nikamwambia hayapo.

"Na madaftari uliyoandikia siku ile?"

Kosa hili ni langu. Nilipomaliza kuyachapa nilimpa jirani anayeuza karanga. Akayachana kufungia karanga.

"Waitu! Baba yangu amefungiwa karanga!" Alicheka, kisha akaacha ghafla. Akaniomba niandike upya ninavyokumbuka, niweke tarehe ya zamani.

Nilikataa.

Kusema nakumbuka ni jambo moja. Kutengeneza karatasi ya zamani ni jingine. Hakunilaumu. Alitazama mvua tu, na hilo lilinielemea zaidi.

Nilichobaki nacho ni namna nilivyofanya kazi. Siku zile kila niliyemhoji nilimsomea nilichoandika, mbele ya waliokuwepo, wanisahihishe. Nikaanza kuwahesabu waliokuwa uani siku ile. Mzee, marehemu. Mkewe, marehemu. Kokushubira mwenyewe alikuwa ameolewa Kaisho.

Na Byaruhanga, akigeuza kahawa juani. Niliposoma "omulamula minne" aliinua kichwa: "Andika mitano, mwandishi. Wa mwisho niliupanda mimi."

Nilimweleza dada yake hivyo hivyo. Akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Basi njoo uyaseme akikutazama usoni. Kaka yangu mkaidi, lakini mti alioupanda hawezi kuukana."

Sina hakika kama yeye. Miaka thelathini ni mingi, na kibanja kile kina migomba mizuri.

Keshokutwa nitapanda kwenda Mabira bila karatasi hata moja. Maisha yangu yote nimewaambia watu wasiniamini mimi, waamini nilichoandika. Sasa nitawaambia nini?