Kitako cha Plastiki kwenye Bunduki ya Abti

Mpendwa Mama Filsan, assalamu alaykum. Naomba unisaidie kabla ya Jumatano, maana Jumatano ni ukaguzi wa silaha.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali hapa Bura, na kazi yangu nyingine ni kutafsiri, kwa sababu maafisa wengi wanaoletwa huku hawajui Kisomali na wazee wetu wengi Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Abti yangu Ogle, yaani mjomba, kaka wa mama, ndiye aliyenisomesha mpaka chuo, naye ni polisi wa akiba, analinda mifugo yetu kwa bunduki ya serikali, ile ya zamani ya kukoki kwa mkono kila risasi. Kitako chake cha mbao, ule mti mzima unaoshika chuma kuanzia begani hadi chini ya mtutu, kilikuwa kimepasuka, naye akakifunga kwa ngozi ya ngamia mpaka bunduki ikafanana na mgonjwa aliyetoroka hospitali, na kila nilipoiona niliona aibu, nikasema mtu aliyenisomesha hawezi kubeba kitu kama hiki na mimi nipo kazini.

Basi nikamwuliza Abdiwahab, mwenye duka la simu Garissa mjini, akaniambia vitako vya plastiki ngumu vipo, havipasuki wala haviliwi na mchwa, vinaweza kuja pamoja na mzigo wake kutoka Nairobi, na mimi ambaye husoma hata maandishi madogo kwenye karatasi ya dawa sikuuliza habari ya kibali. Jumamosi, ofisi imefungwa, abti akaja, akatoa risasi zote, tukaifungua bunduki juu ya magunia ya unga wa msaada huku nikifuata video kwenye simu. Chuma kikakataa kuingia, nikachukua tupa nikakwangua plastiki kwa ndani, nikajaribu, nikakwangua tena, mwisho kikaingia kwa kulazimishwa, nikakaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza. Abti akaiinua, akacheka. "Nyepesi kama kitoto cha mbuzi," akasema. "Sasa mimi ni jenerali."

Jumatatu alfajiri fisi akaja zizini. Abti akapiga akiwa karibu kabisa, na risasi ikaingia kwenye kichuguu kilichokuwa upande wa kushoto. Anasema fisi alikitazama kichuguu, akamtazama yeye, kisha akaondoka na mbuzi bila haraka. Abti hakubali kwamba bunduki imekosa, anasema fisi yule amevaa hirizi.

Hapo ndipo nilipokumbuka ukaguzi, na kwamba namba ya bunduki ilipakwa rangi nyeupe kwenye kile kitako cha zamani. Nikakimbia kwa mkewe, Mama Rukiyo, kukitafuta. Alikwisha kukipasua, akakichoma, akatumia makaa yake kufukiza vibuyu vya maziwa, kama wafanyavyo mama zetu ili maziwa yakae na yanukie. "Ulikuwa mti mkavu ajabu," akaniambia. "Majirani wananiuliza nimeupata wapi. Mwingine upo?" Akanimiminia chai ya maziwa hayo, nami nikanywa, na kinachonitesa ni kwamba ilikuwa tamu.

Nikamsihi abti aizungushie bunduki kitambaa, aseme kitako kimefunikwa kwa sababu ya vumbi. "Abti," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "nifiche zawadi yako kwa nini? Nikiulizwa nitasema abti yangu msomi amenitengenezea. Wewe umtafsirie afisa vizuri, asikose hata neno."

Mama, mtafsiri wa Jumatano ni mimi. Nimewaza kumwambia afisa kwamba mzee anasema kitako kilitoka serikalini, maana abti hatajua na afisa hatajua. Pia binamu yangu aliyeko Rhamu ananiambia kuna nafasi ya karani kwa wakulima wa mtoni, naweza kuondoka hata leo. Nikae au nikimbie? Nitafsiri nini? Tafadhali usitaje jina langu utakapoichapisha barua hii.

Karani, Bura

*

Karani mwanangu, wa alaykum salaam.

Unaniomba nifiche jina lako, kisha umenitajia mjomba, mkewe, muuza simu na mji. Nimebadilisha majina yote. Hata la fisi ningelibadilisha kama ungelijua.

Ulitaka kumheshimu aliyekulea, na hilo silicheki. Nacheka mengine. Silaha ya serikali haitengenezwi na mpwa juu ya magunia ya unga, inatengenezwa na wenye ghala la silaha, na vipande vyake havinunuliwi kama kava ya simu. Na fisi hana hirizi. Ulilazimisha chuma kikae mahali kisipopataka, sasa risasi inakwenda inakosukumwa. Safari hii ilikuta kichuguu, ingeweza kukuta mchungaji. Bunduki hiyo isipigwe tena hata mara moja mpaka fundi wa polisi aione.

Kuhusu namba, tulia. Rangi imekwenda na maziwa, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma ipo. Mkiulizwa mti uko wapi, jibuni kama ulivyo ukweli. Hakuna mtu mwenye akili ya kubuni uongo kama huo.

Sasa tafsiri. Mzee asiyejua lugha ya afisa anakukabidhi maneno yake kama ngamia wa amana, hana njia ya kujua wangapi wamefika. Ukimgeuzia abti yako maneno, utakayekuwa umemwibia ni yeye kabla ya afisa. Na baada ya hapo, mzee gani wa Bura atakuletea shauri lake la kisima au kitambulisho?

Tena soma barua yako upya. Umeijaza hofu ya kazi yako. Bunduki iko begani mwa nani? Jumatano atakayesimama mbele ya afisa ni mzee atakayejishtaki kwa kosa lako, akidhani anakusifia.

Kwa hiyo usingoje Jumatano. Nendeni kituoni leo, bunduki ikiwa haina risasi, aibebe yeye kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa. Omba mtafsiri mwingine. Wewe utangulie kusema, kwa Kiswahili chako kizuri cha chuo: mimi nilinunua, mimi nilikwangua, mimi nilikaza. Ukiulizwa kitako kilitoka kwa nani, taja. Huenda ukapewa onyo, huenda ukapoteza kazi, huenda ukashtakiwa, sikudanganyi. Tafuta wakili kama mambo yatafika huko. Rhamu haihami, uende baadaye ukiwa huru, si ukiwa mtoro.

Lakini kabla ya kituo, keti na abti yako umweleze kwa Kisomali, bila kupunguza, kwamba ulichompa kinaweza kumpokonya bunduki na kumwacha zizini na fimbo. Atakuambia maneno mazito. Hayo usimtafsirie mtu yeyote. Yasikilize mpaka yaishe, kisha mwende.