Gari la Harusi Limelala Mlangoni Petu

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu umelowa kuliko nguo zilizo kwenye kamba.

Nilitaka niandike furaha tu. Tulioana Jumamosi iliyopita, na nikiitwa mke wa Wafula bado nageuka kumtafuta huyo mwenye bahati. Nampenda jamani. Nampenda hata sasa, amelala chali kwenye matope, miguu tu ndiyo inaonekana chini ya gari.

Gari ni la bosi wake wa Kawangware, anayekodisha magari ya harusi. Wafula ni dereva wake. Bosi alimwachia alitumie kwa harusi yetu, bila malipo, kwa kumwamini tu.

Halina springi. Limekaa juu ya mifuko ya hewa, na kuna kichuma kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia kinachogawia kila gurudumu hewa yake. Wafula anakiita valvu bloku. Kikivuja, gari linashuka.

Tulipofika hapa mtaani kwetu Olympic, shangazi zangu walikataa nishuke mpaka upande wa bwana harusi utoe kitu. Waliimba, wakakalia buti, wakalitikisa gari kama kitanda cha mtoto. Nilicheka mpaka machozi. Jumapili asubuhi tulilikuta limelala chini.

Bosi alisema kwenye simu, "Kijana, kuna bibi harusi mwingine Jumamosi. Ijumaa nataka gari limesimama. Likilala, na wewe ulale huko huko."

Jana Wafula alizunguka Kawangware nzima akitafuta zile raba ndogo za duara zinazoziba hewa ndani ya bloku. Alipata seti moja tu, ya mwisho. Akazipanga kwenye kisosi chetu kipya, pamoja na vyuma alivyofungua, na leo asubuhi akatoka kuazima spana.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Bungoma kwa harusi na bado yuko nasi, akaitazama meza. "Mwanangu, mke mpya hapambazukiwi na uchafu mezani."

Niliona aibu. Kwetu, siku hizi za kwanza ndizo za kupimwa, nani anaamka mapema, nani anasugua sufuria hadi chini. Nikaosha kila kitu kilichokuwa kwenye kisosi kwa mafuta taa, kama ninavyoosha stovu. Raba pia. Nikaziloweka nikifagia.

"Huyu sasa ni mke," mama akasema.

Nilielea kwa furaha.

Wafula aliporudi, raba ziligoma kuingia. Zilikuwa zimevimba. Akazilazimisha, akafunga bloku, akawasha pampu. Gari likainuka, nami nikamkumbatia mbele ya mama yake bila aibu. Kisha likaanza kushuka, polepole, likipumua kama mtu aliyekata tamaa. Alipopaka povu la sabuni kutafuta panapovuja, mapovu yalichemka kila upande wa bloku.

"Labda mimi si fundi," alisema. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo.

Jirani yetu wa bodaboda akachuchumaa, akanusa. "Bro, hizi raba zimelewa mafuta taa. Nani alizipa?"

Mama alinitazama. Mimi nilitazama mikono yangu.

"Ni mimi," Wafula akajibu. "Nilikuwa nazisafisha."

Jirani akacheka. "Fundi wa kujifundisha. Siku nyingine zipe na chai."

Wafula akacheka pia, mume wangu, akachekwa kwa kosa langu. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka mafuta taa, na alikuwa ameishika alipoingia. Alijua. Hakutaka niaibike mbele ya mama yake, na mama mwenyewe aliniona nikiosha, naye akanyamaza.

Sasa amerudi tena chini ya gari, anajaribu kurudisha zile raba za zamani, zilizochakaa. Kazi yake inaondoka, na sijui mtu anaombaje msamaha kwa kitu alichosifiwa.

Najua atakachomwambia bosi. Atasema tena, ni mimi.

Kesho gari lisiposimama, nitakwenda naye Kawangware. Nitasimama mbele yake, si nyuma, na bosi akiuliza ni nani aliyeharibu raba, nitajibu kabla Wafula hajafungua mdomo. Na kabla hatujatoka, nitamwambia mama ninachokwenda kusema.