Mwanafunzi wa Eldoret Aliye Nyakoe

Jumanne, 5 Agosti
Bawaba za geti tena. Fundi Ombati amezigonga kwa nyundo, moja ikang'oka. Akanitazama tu. Heri angenitukana. Nikarudia. Hii ya pili haing'oki hata ukiifungia fahali. Macho yanawasha, nilichungulia moto wa kuchomelea bila barakoa. Ujinga wangu mwenyewe. Shangazi kanikatia viazi vibichi nijiwekee machoni.

Fundi anasema kabla ya Krismasi nitafanya mtihani wa ufundi. Nikipata cheti, nafungua karakana yangu hapa Mosocho, karibu na kwa Shangazi. Sitaki kingine duniani.

Alhamisi, 7 Agosti
Tata, baba yangu, amepiga simu. Eti nirudi nyumbani, ni likizo. Likizo gani? Kwa Fundi, Nyakoe, hakuna likizo.

Lakini kule kwetu Nyamira mimi sichomelei vyuma. Mimi nasomea sheria chuo kikuu, Eldoret. Alama zangu hazikufika, ila Tata ni mzee wa kanisa, na kabla matokeo hayajatoka alikuwa ameshatangaza kwamba naenda chuo kikuu. Harambee ikafanywa. Angewaambia nini? Mchango ukageuka ng'ombe wa maziwa, nami nikafichwa kwa Shangazi kama mimba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Tata inafika Eldoret.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefika. Mama ametazama mikono yangu, akaniletea sweta ya mikono mirefu.

Kesho ni Sabato ya vijana. Tata amenipanga niwahutubie waliomaliza shule juu ya maisha ya chuo kikuu. Hakuniuliza. Nimemchukia mpaka chai ikanishinda. Moraa wa jirani atakuwepo. Alianguka mtihani kama mimi, na tangu matokeo hatoki nje hata kuteka maji. Nimwambie nini huyo? Maktaba ni kubwa?

Mficha uchi hazai. Kesho nasema.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimesema. Nilivua sweta mbele ya kanisa, nikawaonyesha makovu ya cheche. Nikasema sijawahi kukanyaga chuo kikuu, nachomelea mageti Nyakoe, na kazi yangu naipenda. Moraa aliinua kichwa.

Tata akasimama polepole. Sauti ya mazishini.

"Ndugu zangu, mtanisamehe. Huyu mtoto vitabu vimemlemea kichwa. Hata kujichoma anajichoma. Tulikuwa tunaficha tu. Mumuombee."

Kanisa zima likashusha pumzi. Hilo waliweza kuliamini. Wakaja, wakaniwekea mikono kichwani. Nikapiga kelele kwamba sina wazimu, na kila nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuomba. Mkono wa Tata ulikuwa mzito kuliko yote.

Jumapili, 10 Agosti
Watu wanaleta ndizi na maziwa. Wananisemesha kwa sauti ya juu, neno moja moja, utadhani mimi kiziwi. Picha yangu inazunguka kwenye WhatsApp ya kanisa, naombewa.

Mama analia jikoni. Nimemwambia yeye ni mbaya kuliko Tata, kwa sababu anajua na ananyamaza. Nilitaka imuume. Imemuuma. Nimefurahi kidogo, kisha sikufurahi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimerudi Nyakoe. Fundi amekataa kunipa barakoa. Mkewe ametumiwa ile picha.

"Kerubo, mimi nakujua. Lakini umeme haujui mtu. Ukianguka hapa, watu wa kwenu watanichomea karakana. Mzee wenu aje mwenyewe, aseme uko sawa."

Nikamwambia yeye ni mwoga. Akakubali. Mashine yangu ilikuwa mikononi mwa mwingine, anaharibu chuma. Nimetembea hadi Mosocho kwa mguu.

Jumatano, 13 Agosti
Nimempigia Tata. Ameongea kwa upole, ule upole wake wa kuchinjia. Atakuja Nyakoe, atamwambia Fundi nimepona. Ila kwanza nikashukuru kanisani, hadharani, na niseme narudi Eldoret. La sivyo nikae nyumbani nichume majani chai, niendelee kuombewa.

Shangazi anasema, "Sema tu, mwana wa ndugu yangu. Mdomo haulipiwi." Nimemjibu vibaya sana. Kisha nimekula ugali wake.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeshukuru. Nimesema nilikuwa mgonjwa, Mungu amenitembelea, narudi kumaliza masomo ya sheria. Maneno yalitoka yamenyooka. Nilitaja hata maktaba. Amina zikatikisa mabati.

Tata alilia. Machozi ya kweli. Hapo ndipo nilipomwogopa.

Moraa alinyanyuka, akatoka nje kabla sijamaliza. Nilimwona. Niliendelea kusema.

Jumatatu, 18 Agosti
Mvua imeanza saa nane. Tata alikuja asubuhi, wakasogea kando na Fundi, wakaongea, wakanywa chai. Akaenda bila kuniaga. Fundi amenirudishia barakoa na mashine yangu.

Nimechomelea dirisha la mteja wa mjini. Alisimama akinitazama, akauliza huyu msichana ni nani. Fundi akamjibu bila kugeuka, kwa maneno ya Tata: ni mwanafunzi wa sheria, Eldoret, yuko likizo, anajishughulisha tu. Mteja akanisifu kwa kutodharau kazi ya mikono.

Nikasema asante. Nikateremsha barakoa.