Udongo wa Kupeleka Vienna

Al-Malqa, Riyadh
14 Februari 2025

Kwa Roseline,

Kwanza nikuulize hali, na mgongo unaendeleaje, maana naambiwa nyumba hiyo ina ngazi za ghorofa tatu na zote hupigwa deki kila siku. Mimi ni mzima.

Hunijui. Naitwa Beldina, dada mkubwa wa Peris aliyefanya kazi hapo kabla yako. Kitanda unacholalia kilikuwa chake. Mwezi wa nane mwaka jana familia ilimchukua kwenda likizo Vienna, huko Ulaya. Jumanne alishikwa na kifua, Alhamisi hakuwepo tena. Makaratasi ya kumrudisha nyumbani yangechukua muda mrefu, mama akakubali kwa simu azikwe huko huko. Hakuna mtu wetu hata mmoja aliyesimama pale.

Mimi siwezi kwenda. Madam wangu ni mgonjwa wa miguu, hasafiri, na bila barua ya kafili, mwajiri aliyenidhamini, siwezi hata kuomba viza. Lakini Hezekiah, dereva wa trela anayekuletea barua hii, amesikia kwamba familia yako inarudi Vienna kiangazi hiki. Wakikuchukua, tafadhali mtafute. Simama tu hapo na umwambie Beldina anakusalimu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu Peris aliniambia madam wa hapo huchukua simu zenu akasoma.

Peris alikuwa na sahani ya buluu aliyoipenda, ina ufa pembeni. Kama bado ipo, kula nayo wewe.

Dada yake Peris,
Beldina


Jeddah
9 Machi 2025

Dada Beldina,

Mgongo unauma lakini bado unabeba. Asante kwa kuuliza, hapa hakuna anayeuliza.

Pole sana. Sikuwa najua. Nilipofika niliambiwa msichana wa kwanza alirudi kwao. Baada ya kusoma barua yako niligeuza godoro upande wa pili, halafu nikaona aibu, nikaligeuza tena. Sahani ya buluu ipo. Wanawekea paka chakula. Nimeiosha kwa maji moto na kuificha chini ya nguo zangu, paka nimempa ya plastiki.

Nikueleze ukweli, nilikuwa nimeamua kukataa hiyo safari. Naogopa ndege, naogopa baridi, nina watoto wawili Mumias wanaonitegemea. Sasa ndiyo naogopa zaidi. Nipe siku chache nifikirie.

Naongezea hapa kabla Hezekiah hajaondoka. Leo asubuhi nimemwambia madam nitaenda. Akasema, “Yalla, lete pasipoti.” Nikamwambia, “Madam, pasipoti si mnayo nyinyi?” Akacheka, na mimi nikacheka.

Mdogo wako,
Roseline


Al-Malqa, Riyadh
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Roseline,

U hali gani? Mimi niko sawa, na tangu barua yako ije nalala vizuri kidogo.

Nilimsomea mama barua yako kwenye simu. Katikati nikadhani laini imekatika. Kumbe alikuwa ameenda nje kuchota udongo. Rafiki yangu Valary, aliyekuwa likizo nyumbani, ameniletea, nami nakutumia. Si mwingi, unajaa kikombe. Umetoka nyuma ya jiko, pale Peris alipokuwa akimwaga maji ya vyombo kila jioni na kila jioni mama akimgombeza. Mwishowe paliota mchicha tukaula, na Peris akasema, “Mmeona sasa?”

Nimeutia kwenye kopo la poda ya watoto. Mama anasema umwage juu yake tu, hakuna maneno maalum. Anasema mtoto hawezi kulala ugenini siku zote bila kitu cha kwao juu yake.

Nakuomba hilo.

Dada yako,
Beldina


Jeddah
18 Mei 2025

Dada Beldina,

Natumai u mzima. Mimi nina afya, ila vidole vimenitia aibu.

Tulienda kwenye ofisi ya viza. Nilikuwa na kila kitu: barua ya kafili, ikama, kile kibali cha kuishi huku, isiyokaribia kuisha, bima, ruhusa ya kutoka na kurudi. Ikabaki alama za vidole. Dada wa mezani akasema, “Bonyeza.” Nikabonyeza. “Bonyeza zaidi.” Nikamwambia nikizidisha nitawavunjia mashine. Akanishika mkono mwenyewe, akautazama, akasema mafi, hakuna alama. Dawa za kusafishia choo zimekula vidole vyote, vimekuwa laini kama vya mtoto mchanga.

Nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili, nipake mafuta na nisiguse sabuni. Madam akapiga kelele, “Nani ataosha?” Baba, mume wake, akamjibu bila kuinua kichwa, “Unataka mtu wa kushika watoto Vienna? Osha wewe.” Dada, nimemwona madam akiosha sufuria. Anaishika kama inayouma.

Sasa lile jambo kubwa. Nilikutana na Hezekiah mtaa wa Sharafiya, kwenye hoteli moja ya wali, akanisomea masharti kwenye simu yake. Nyama haiingii Ulaya, wala maziwa wala jibini. Na udongo wa kutoka nje hauingii kabisa. Nikamuuliza, hata kikombe kimoja? Akasema, “Hapa hawakuandika kikombe. Wameandika udongo.” Ukifika uwanja wa ndege huko kuna milango miwili. Kijani ni wa wasio na kitu cha kutaja, mwekundu ni wa walio nacho. Ukipita kijani na kitu kilichokatazwa ukishikwa, unatozwa faini, na labda viza inafutwa.

Lakini kopo la poda nani atalifungua? Niambie nifanye nini. Tunaondoka katikati ya Juni vidole vikikubali.

Mdogo wako,
Roseline


Al-Malqa, Riyadh
12 Juni 2025

Mdogo wangu Roseline,

Habari za vidole? Nimekuwa nikiviombea, na sijawahi kuombea vidole maishani.

Nimechelewa kujibu kwa sababu Hezekiah hakupita huku, na kwa sababu sikutaka kuandika ninachoandika. Usiupeleke udongo. Usipite nao mlango wowote. Peris hana haraka tena, wewe una watoto wawili. Mpe Hezekiah kopo anirudishie. Kama hayupo, umwage mahali pasipokanyagwa.

Nenda mikono mitupu. Tangu mwanzo nilikuomba usimame tu, na hilo latosha. Mama nitamweleza mimi.

Tafadhali nisikie katika hili.

Dada yako,
Beldina


Jeddah
27 Julai 2025

Dada Beldina,

Shikamoo dada. Sijawahi kukuamkia hivyo, lakini leo naona nikuamkie.

Barua yako ya Juni nimeisoma jana. Trela ya Hezekiah iliharibika karibu na Taif, na sisi tuliondoka tarehe 15. Vidole vilikubali mara ya pili, viza ikatoka siku tatu kabla ya safari. Nilikungoja, hukujibu, nikaubeba.

Tulipofika, madam na watoto walielekea mlango wa kijani. Mimi nikaingia mwekundu. Sikuwa nimepotea njia. Niliwaza hivi: nikiuficha nitakuwa mwizi, lakini nikimweleza mtu vizuri kwamba ni udongo wa kwa mama wa marehemu, ataelewa. Kwetu nani angekataa kitu kama hicho?

Alikuwa mwanamke, rika lako nadhani. Nilimweleza kwa Kiingereza changu. Nikamtajia Peris, na jiko, na mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Pole sana. Siwezi.” Nikamwambia ni kikombe tu. Akasema, “Najua. Siwezi.” Akavaa glavu, akatia kopo kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba. Nilimuuliza unapelekwa wapi. Akasema unachomwa, hapo hapo mjini. Hakunitoza kitu.

Lakini mwenzake alimuuliza niko na nani, wakawaita madam na baba warudi, wakafungua masanduku yote manane. Wakakuta kilo tano za nyama ya kondoo na ndoo ya jibini ya mama yake madam. Yote yakatupwa. Watoto wakalia. Baba akatozwa faini. Madam alinitazama akasema kwa sauti ya chini, “Halas, Roseline. Septemba unaenda kwenu.” Hajabadilisha neno mpaka leo. Tikiti imekatwa.

Makaburini nilienda. Baba ndiye aliyenipeleka, siku ya tisa, bila kumwambia madam. Alibaki kwenye gari. Alinipa namba ya mstari wa kaburi kwenye karatasi, kumbe alikuwa ameihifadhi karibu mwaka mzima. Peris ana msalaba wa mbao na jina lake limeandikwa vizuri. Nyasi ni nzuri, dada, wanazikata. Kuna mti mwembamba unaompa kivuli saa za mchana. Nilimpa salamu zako. Nilimwambia na habari ya udongo yote, hata ya nyama na jibini, na nikashindwa nikacheka, nadhani naye angecheka. Halafu nikalia.

Kwenye kaburi la pili kutoka kwake kulikuwa na mzee akimwagilia maua ya mkewe kwa kopo la kijani. Alipomaliza alinitazama, akaja na maji yaliyobaki, akayamwaga kwa Peris.

Usijilaumu kwa kazi yangu. Mlango niliuchagua mwenyewe.

Mdogo wako,
Roseline


Al-Malqa, Riyadh
10 Agosti 2025

Mdogo wangu Roseline,

Mgongo vipi, na moyo je? Mimi nilisoma barua yako nimesimama kando ya jiko, wali ukaungua. Madam aliula hivyo hivyo bila kuuliza.

Umesema nisijilaumu. Nitajaribu. Lakini ombi lilikuwa langu, na anayerudi nyumbani bila kazi ni wewe, na hilo nitalibeba hata ukinikataza. Nimemwandikia binamu yangu Cliff, yuko Kakamega, ana duka la vyakula na anatafuta mtu mwaminifu. Nimemwambia wewe ulipita mlango mwekundu. Sijui kama alielewa.

Kutoka Mumias mpaka kwetu Ugenya si mbali. Ukishakaa na watoto wako ukashiba kuwaona, nenda kwa mama. Shuka Ukwala, uliza nyumbani kwa mama Peris, hata mtoto atakuonyesha. Atakuchinjia kuku, usimkatalie. Atataka kusikia yote, nyasi, mti, na huyo mzee wa maji. Mweleze polepole, sikio lake la kushoto ni zito.

Atakuuliza pia kama udongo ulifika. Nimefikiria hili siku tatu. Sitaki umdanganye mama. Sitaki pia asikie habari za glavu na mfuko wenye namba. Mwambie ulifika Vienna. Halafu unywe chai yako, naye hataendelea kuuliza. Mama yangu anajua pa kukomea.

Mimi bado nina mwaka mmoja na miezi minne hapa. Jioni mkisali, mama atataja jina la Peris, kama anavyofanya kila siku. Akimaliza, wewe taja langu. Unikumbuke.

Dada yako,
Beldina