Mvuje wa Selvam

Jumatatu, 3 Machi
Uji mgonjwa wangu amekataa tena. Nimeunywa mimi, kwa hasira. Leo Selvam ametaja chakula mwenyewe: sambari, ule mchuzi wa dengu na mboga wa kwao Madurai, kama alivyopika marehemu mama yake. Miaka yote ya ndoa yetu amekula ugali na sukuma, hajawahi kuniomba kitu. Mtamil alikuja kufunga mitambo ya mkonge akaoa Mtaita. Watu wa Voi walicheka, wakachoka. Basi nitapika.

Jumatano, 5 Machi
Dengu, biringanya, nyanya, ukwaju. Ameonja kijiko kimoja akatabasamu. Simpendi akiwa na adabu hivyo.
"Tamu, Wakesho. Lakini si yenyewe."
Dengu zao ni za manjano, zimepasuliwa. Ananieleza ua lake, ganda lake. Kumbe ni mbaazi! Mbaazi za Kasigau, nimezila tangu niote meno. Nimempigia Mama aje nazo, kama ndovu wamemwachia.

Ijumaa, 7 Machi
Mama amefika na mbaazi na Biblia. Selvam amekula nusu bakuli. Nusu! Nimeenda kulia bafuni.
Anasema imebaki harufu tu. Ni utomvu wa mti fulani, unanuka kama kitunguu kilichooza mpaka uguse mafuta moto. Kwa Kiswahili hajui unaitwaje. Mimi pia.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenye duka la viungo, mzee wa Kiislamu kutoka Mombasa, amenielewa kabla sijamaliza. Mvuje.
Nikashtuka. Mvuje naujua ni ule watoto wa pwani wanafungwa mkononi kufukuza shetani. Kwetu ukikutwa nao, kanisani utaombewa mpaka ukome. Mzee akacheka, akasema wengine wanafukuzia, wengine wanapikia. Nimechukua kipande cha mwisho. Nimekificha nyuma ya chumvi.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi kutoka ibada, nakuta mvuje umetupwa chooni. Mama alibaki na mgonjwa, akafuata harufu. Anaamini nimeenda kwa mganga. Nimemwambia ni kiungo cha chakula. Hakusikia.
"Mume wako anakufa, na wewe unamwekea majini jikoni?"
Anakufa. Neno hilo hatukuwa tumelisema humu ndani. Na mlango wa chumba cha Selvam ulikuwa wazi.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee hana mwingine. Anangoja mzigo kutoka Mombasa. Selvam amekula vijiko viwili vya sambari bila mvuje, kunifurahisha. Sisemi na Mama.

Alhamisi, 13 Machi
Jana Selvam alimwita Mama akamweleza mwenyewe, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kwamba mama yake alitia mvuje kwenye kila mchuzi, na misa hakukosa. Leo Mama amejifunga kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama wa kanisa akaenda kwa yule mzee, mzigo umefika, mchana kweupe, akarudi nao mkononi.
Nimepika. Mafuta, haradali, mvuje. Harufu ikageuka nyumba nzima.
Lakini tangu asubuhi hamezi hata maji. Nimemshikia bakuli karibu na uso. Akalia. Sijui ni kwa harufu au ni kwa kushindwa.
"Kula wewe, nikuone."
Nimekula mbele yake mpaka bakuli likaisha. Akauliza iko aje. Nikasema tamu. Mdomo wangu haukuonja chochote.

Jumatano, 26 Machi
Tumemzika. Mama amerudi Kasigau, sikumsindikiza stendi. Najua hakukusudia. Najua pia kwamba Jumapili ile Selvam alikuwa bado anameza.
Leo nimepika sambari, na mvuje ndani. Nimekula taratibu, nikisikiliza ulimi. Naona iko sawa. Sijui. Nyumba hii haina wa kumuuliza.